Maziwa ya Ng'ombe wa Navalayo

Nanjala, mbona hushiki simu? Dada yangu Navalayo ameisha!

Unamjua yule ng'ombe wake aliyekuwa anakohoa na kukonda? Daktari wa mifugo alimdunga sindano ya kupima shingoni, akarudi leo akakuta pamefura. Akasema, "Mama, huyu ana TB. Nani hunywa maziwa yake bila kuchemsha?"

Kwa Navalayo yote huchemshwa kwa chai. Lakini kila asubuhi humpelekea jirani yake Jepkorir chupa ya bure, ya yule mtoto mdogo.

Yule mtoto mwenye matezi shingoni, Nanjala! Na wamekuwa wakimpaka mafuta tu!

Navalayo alitoka mbio na kiatu kimoja. Jepkorir kumwona akacheka, akidhani ni maziwa yameletwa. Alipoambiwa, hakupiga kelele. Alisema tu, "Si wewe uliniambia nisichemshe? Si ulisema moto unaua nguvu ya maziwa?"

Ni kweli alisema. Alisema, Nanjala! Mama alitulea hivyo.

Navalayo akamwambia, "Niue baadaye. Sasa twende hospitali."

Wako huko kwa foleni. Muuguzi amesema dawa ipo, lakini lazima mtoto apimwe kwanza. Jepkorir hajamwongelesha Navalayo tangu watoke nyumbani.

Na mtoto analia, amekataa kubebwa na mamake. Anamtaka Navalayo.

Jepkorir amegeuza uso akatazama ukuta, kisha akamkabidhi mtoto.