Kinda la Tai na Mifuko Mitatu ya Saruji

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na wateja wa picha za pasipoti bado wanakusumbua. Mimi sijambo, ila vumbi la huku kwenye kambi yetu ya watafiti wa ndege limeshaingia hadi kwenye chai.

Nina habari njema. Ile picha ya kiota niliyoipiga mwezi jana imefika kwenye kamati ya mazingira, na kamati imesimamisha baruti kule machimboni! Kinda la tai linaonekana jeupe katikati ya kiota. Maadamu lipo, jabali lenye kiota haliguswi. Nimekuwekea nakala humu ndani.

Sasa wanataka picha ya pili, waone kama kinda linakua. Hapo ndipo ninapokwama. Haturuhusiwi kukikaribia kiota chini ya mita mia tatu, kwa hiyo natumia lenzi ndefu pamoja na ile konveta uliyonipa, ile ya kuchomeka kati ya kamera na lenzi ili kuvuta mara mbili. Bila konveta fokasi inashika papo hapo. Nikiichomeka tu, lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, na nikingoja sana tai ameshageuka. Nifanyeje?

Mwanao

11 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Goti halijapoa, ila limeacha kunitukana. Nafurahi kusikia u mzima. Dereva wa gari la maji la kambini kwenu alinikabidhi barua yako imelowa, nikaianika kwenye kamba ya picha.

Konveta inakula mwanga. Hiyo yako inakuachia robo tu ya mwanga unaoingia kwenye lenzi. Kamera yenyewe haijui tai wala kuku, inatafuta mahali ambapo weusi unaachana na weupe, na kwenye mwanga hafifu inapapasa. Hilo la kupapasa ni usumbufu tu. Linaloniogopesha ni pale inapoacha kupapasa, ikalia “pii”, na wewe ukaiamini. Kamera na lenzi vilishazoeana. Ukiingiza mgeni katikati, inaweza kushika mbele au nyuma ya kile unachokitaka, na ikalia “pii” vilevile.

Ipime. Chukua mifuko mitatu mitupu ya saruji, yenye herufi kubwa. Mmoja uweke umbali ule ule wa kiota, mwingine hatua sitini mbele yake, wa tatu hatua sitini nyuma. Elekeza fokasi kwenye ule wa katikati, kisha utazame ni upi unaosomeka.

Nakala yako nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Sijaona kinda, mama. Nimeona weupe.

Baba yako

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimewatazama tai miaka sita, najua kinda likoje. Mama yake anasimama ukingoni mwa kiota kila asubuhi. Anasimamia nini kama hakuna kinda? Hukutaka nije huku, ulitaka nirithi studio niwapange watu vitini. Nilidhani picha iliyosimamisha baruti ingekutosha. Nilikuuliza kuhusu fokasi, sikukuuliza kuhusu tai.

Mwanao

8 Aprili

Mama yangu,

Hujambo? Ijumaa tatu dereva wa gari la maji amepita hapa mikono mitupu, na kila Ijumaa nimejifanya natoka kufagia mlangoni. Hata yeye ameanza kunionea huruma.

Nilikosea namna ya kusema. Maneno yenyewe siwezi kuyarudisha, maana ndivyo nilivyoona. Lakini nikuambie jambo ambalo sikuliandika: picha hiyo nimemwonyesha kila mteja aliyekaa kwenye kiti changu. Wote nimewaambia ni kinda la tai, na kwamba binti yangu ndiye aliyelipiga picha. Hata mwenye duka la mikate, ambaye hatusalimiani, nimemwita aje aone.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Baba yako

22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na woga, na woga ulichukua muda mrefu zaidi.

Nilipanga ile mifuko. Kamera ikalia “pii” kwenye mfuko wa katikati, na uliosomeka ulikuwa wa nyuma. Nikarudia mara tisa, jibu likawa lile lile. Muda wote huo nilikuwa nikipiga picha ya tumbo la jabali, nyuma kabisa ya kiota!

Jana niliamka mapema, kabla mawe hayajashika joto na hewa kuanza kuchezacheza. Nikazima fokasi ya kamera. Nikakuza kiota kwenye kioo cha nyuma ya kamera, nikageuza lenzi kwa mkono, polepole, mpaka vijiti vikajitenga kimoja kimoja.

Ni kiroba, baba. Kipande cha kiroba cheupe ambacho tai wamekiokota na kutandikia kiota. Yai ama halikutagwa ama liliharibika. Tai jike anasimamia kiroba.

Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe. Nikinyamaza, jabali litabaki mpaka msimu uishe, na mwakani huenda wakataga. Nikisema, baruti zitarudi. Lakini wachimbaji wamekaa bila kazi tangu mwezi wa pili, na wamekaa kwa sababu ya picha yangu. Mama anayewapikia alinikuta bombani leo, akaniuliza, “Mtoto wa tai hajambo?” Nikamjibu hajambo. Baba, nilimjibu hajambo, nikajaza ndoo yangu nikaondoka.

Niambie la kufanya.

Mwanao

29 Aprili

Mama yangu,

Nimeanza kukuandikia mara nne. Ukweli ni kwamba mimi ningenyamaza. Ningesema picha haikutoka vizuri, mwanga mbaya, konveta mbovu, na wangeniamini. Napenda hao ndege wako wabaki.

Lakini mimi si wewe, na sipendi unifuate katika hili. Amua mwenyewe. Lolote utakalolifanya, nitaendelea kufagia mlangoni kila Ijumaa.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimesema.

Niliipelekea kamati picha zote mbili na zile za mifuko ya saruji. Mkuu wetu wa kambi alizitazama, akaniuliza, “Ulilazimika kuipiga hii ya pili?” Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Kabla ya kamati nilikwenda kwa yule mama mpishi, nikamwambia mtoto wa tai hayupo na hakuwahi kuwepo. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kazi itarudi wiki hii au ijayo, maana inabidi aloweke maharage.

Baruti zilianza Jumatatu. Tai wote wawili waliruka juu sana, wakazunguka mpaka mchana. Hawajarudi. Nimekaa kando ya stendi ya kamera yangu siku nne nikitazama kiota kitupu. Naumia, baba. Sijui kama nimefanya jema.

Nakutumia ile picha ya kiroba uione mwenyewe. Tafadhali usimwonyeshe mtu.

Mwanao

27 Mei

Mama yangu,

Picha imefika, kavu safari hii. Nimeikaidi amri yako. Nimeichapa kubwa kadiri mashine yangu inavyoweza, nikaitundika juu ya kiti cha wateja.

Leo asubuhi kaja bwana mmoja wa pasipoti. Kaitazama kwa muda, akaniuliza ni picha ya nini. Nikamwambia ni kiroba ndani ya kiota. Akasogea karibu, akasoma herufi zilizochapwa kwenye kiroba, moja baada ya nyingine, kisha akauliza nani kaipiga.

Nikamwambia, “Binti yangu.” Nikamwomba akae vizuri, anyooshe mabega, kisha nikashindwa kuiona sura yake kwenye kamera, ikabidi nimwambie asubiri kidogo.

Baba yako