Mimba ya Pakarana

Jumapili, 2 Februari
Zizi limeoshwa, Nunu kapimwa. Mimba inakwenda vizuri. Sishangai, daktari wake ni mimi. Nimemwambia Bwana Nasser tu, mwenye shamba hili la Mawaleh. Mimba changa haitangazwi, hata ya mnyama.

Wageni wa Bwana Nasser walikuja kumtazama Nunu. "Panya gani mkubwa hivi!" Si panya wa jikoni. Ni pakarana, wa misitu ya Amerika Kusini, mzito kama mwana mbuzi, madoa meupe mgongoni. Ukoo mzima umekwisha duniani, imebaki aina hii tu.

Jioni Mama kaleta chetezo, kafukiza ubani zizi zima. Kuondoa kijicho cha wageni. Nimemwacha. Mama hakatazwi.

Jumatatu, 3 Februari
Nunu hajala. Boga hakuligusa. Joto sawa, meno sawa, tumbo sawa. Mama: "Si nlikwambia? Kijicho hicho!" Kafukiza tena, mpaka macho yakaniwasha.

Jumatano, 5 Februari
Hajala. Anasaga meno, anapiga miguu ya mbele chini. Mama kaongeza ubani. Bwana Nasser kapiga simu: asipokula hadi Ijumaa, atarudishwa kwa ndege alikotoka. Safari hiyo itaiharibu mimba. Nimekasirika. Hatoki hapa.

Alkhamisi, 6 Februari
Nimepata! Dume wake yuko banda la pili, chetezo hakifiki. Anakula kama yuko harusini. Wanyama hawa wanaishi kwa pua, nami nimeacha pua ya Nunu ijazwe moshi. Ujinga wangu, basi. Nimefungua madirisha, nimeosha kuta.

Kazi ni Mama. Nikimwambia ubani wake ndio ubaya, atasusa kula yeye. Nikamwambia Nunu ana mimba, harufu zinamchafua moyo. Akanikaripia: "Mbona hukunambia mapema? Mie nlipokuwa na mimba yako, udi sikuuweza. Babako nlimfukuza chumbani!"

Ijumaa, 7 Februari
Mama kaja nami asubuhi. Nguo kazifua kwa maji matupu. Tangu nimjue hajatoka nyumbani bila ya kujifukiza, sembuse Ijumaa. Leo hanukii kitu.

Kakaa chini kwenye majani makavu, kanyoosha kipande cha boga. Nunu kamnusa vidole, kimoja kimoja. Kisha kakaa kitako, kalishika boga kwa mikono miwili, akala.

Nimempigia simu Bwana Nasser. Niliporudi, Mama alikuwa anakata boga jingine.