Moto ya Lucien haina makala

Siku ya kwanza, 10 juin 2024

Lucien, mutoto wangu wa kwanza, amenunua moto. Tangu nizaliwe kule Nyantende sikuonaka mutu ananunua moto. Tuliombaka kwa jirani, na kigae, bule. Hii ya kwake inaitwa cheminée ya gaz. Imetoka Dubai. Wameibandika mu ukuta ya salon, mbele iko na kioo, ndani kuna kuni za udongo, zimepakwa rangi. Kuni haziungui — basi kazi yao nini? Lucien anasimama mbele yake, mikono mu mifuko, sawa gavana.

Consolate, bibi yangu, mama ya Lucien, ameipenda. Saison sèche hii, vumbi na baridi, kifua inamusumbua. Amesogeza kiti yake karibu. “Muzee, acha midomo, mutoto ametuhurumia.” Nikaacha. Ikawaka. Sombe ya majani ya muhogo ilipofika ku meza — ikazima. Nilicheka mupaka nikakohoa.

Siku ya pili, 11 juin

Inawaka, inazima. Lucien anafinya bouton, tik, tik, tik, sawa kuku anadonoa sahani. Alibadilisha bouteille, mutungi ya gaz. Ikazima. Nathalie, bibi yake, anasema labda upepo unaingia. Upepo ya wapi? Mwezi uliopita aliziba tundu zote za hewa juu ya madirisha, na ciment, kwa sababu mu quartier wanasema wezi wanapulizaka dawa ya kulalisha watu, kisha wanabeba mupaka televizyo. Ku tundu ya mwisho ciment iliisha. Nikatoa suruali yangu ile ya ndoa ya Lucien, nikaisindilia humo. Mwizi apulize suruali yangu, tuone nani atalala.

Siku ya ine, 13 juin

Technicien amekuja. Guylain. Lunettes mbili, moja ku macho, moja ku kichwa, na haoni kitu. Kwanza akasema gaz ni mubaya. Kisha Bukavu iko juu sana. Kisha ziwa inaleta maji mu hewa. Nikamuuliza: na marehemu nyanya yangu, yeye hana kosa? Lucien akanitupia jicho.

Mwisho akatuonyesha kidude, sawa kidole ya mutoto. Eti hiyo njo inanusa hewa ya nyumba. Ikisikia hewa ni mubaya, inazima moto.

“Imeharibika, papa. Inazima bila sababu.”

Akaifunga na waya isinuse tena.

“Na kama ilinusa kweli?” Niliuliza juu ya kumuchokoza tu.

“Papa, weye ulisomaka mupaka wapi?”

“Troisième primaire. Weye naona ulisomaka mupaka ku waya.”

Nathalie akacheka, akajifanya anakohoa.

Siku ya posho, samedi 15 juin

Sasa inakaa. Haizime tena. Consolate hatoke pale. Kichwa inamuuma. Nathalie anasema ni wezi, wanajaribu dawa. Akasukuma suruali yangu ndani zaidi, na mwiko ya bugali. Mimi pia kichwa inaniuma, lakini mimi niko na kasiksi, pombe ya ndizi, ya kusingizia.

Paka amehama salon. Analala ku jiko, kando ya mbabula yetu ya makala. Mushamba.

Siku ya Mungu, 16 juin

Niko naandika inje, mu parcelle.

Leo wakristu wa shirika yetu walikuja kusali rozari. Lucien alitaka wote waone kioo yake. Mulango ikafungwa ili vumbi isiingie. Ku fungu la pili Papa Murhula, mwenye kuongoza, akapiga miayo katikati ya Baba Yetu. Kisha Maman Gisèle. Kisha benchi nzima. Nikafurahi sana. Hata Bikira amechoka na sauti ya Murhula! Nikageuka nimunong’onezee Consolate. Alikuwa ameegemea bega yangu, midomo haisogei, rozari imeangukia viatu vyangu. Consolate, mwenye siku ya kumuzaa Lucien alimaliza kwanza rozari.

Hapo njo nikakumbuka. Huku kwetu kila mutoto anajua: mbabula hailale na watu mu nyumba yenye kufungwa. Lakini hii haikuwa na makala, haikuwa na moshi. Ilikuwa na kioo. Tukaiheshimu, wajinga wote, na mimi mbele.

Mulango niliipiga teke. Nikapanda ku benchi, nikavuta suruali. Murhula akasema muzee amelewa. Mimi na Gisèle tukamutoa Consolate inje. Ametapika. Akafungua macho: “Tuko ku fungu la ngapi?” Nikamwambia tumemaliza. Mungu atavumilia.

Gisèle anasema ku hôpital, mara moja. Lucien amepigia Guylain simu kwanza. Guylain anasema cheminée iko sawa, ni wazee wanachoka. Nathalie anasema wezi. Wezi wa muchana, mu rozari!

Bouteille ya gaz iko huku inje, nyuma ya ukuta. Nimeifunga. Nimeikalia.

“Papa, simama. Watu wanaangalia.”

Nimemwambia: leta ufunguo ya gari, mama yako aende kwa munganga, nitasimama.

Amesema watu wamalize kwanza sala, asipate haya.

Consolate iko ku kiti, mu blanketi, meno yanagongana. Amevuta mukono ya koti yangu. “Muzee, acha midomo. Baridi itaniua. Nirudishe ku moto ya mutoto.”

Naandika ili nisimuangalie. Chuma ni baridi sana ku matako. Lucien amesimama mbele yangu, mikono mu mifuko. Ufunguo iko humo, ninaisikia inalia.