Laban Mudogo: Siku Yako Mferejini

Mwaka umeisha, Baba, tangu turudi Vihiga nawe ukiwa ndani ya sanduku. Hadi leo gari likipunguza mwendo langoni, Mama huinua kichwa.

Ulikuwa mlinzi kwenye madaraja ya mifereji kule Pearl, kisiwa cha kitalii chenye mifereji ya boti huko Doha, Qatar. Kazi ilikataza kukaa. Jua likiwaka wewe ulisimama, ukiwaonyesha wageni njia na kuwaopolea watoto kofia zilizoanguka majini. Miaka ya mwisho hukuja hata likizo, ukisema unamalizia nyumba. Tulikuona kwenye simu kila Ijumaa, unacheka, uso umejaa kioo chote. Tuliona uso tu.

Ulipostaafu ulitaka jambo moja kabla ya kurudi: upite chini ya yale madaraja badala ya kusimama juu yake. Ukatuita, Mama na mimi Phoebe, tuje tukuchukue. Rafiki yako Salum, Mzanzibari anayeendesha boti za pale, akatupa siku nzima. Boti ilikuwa nyembamba, na mwendo wake wa pole mpaka watu waliotembea kando ya maji wakawa wanatupita. Mama alikuwa amepika chapati na kuku. Kila tulipofika darajani ulimwomba Salum asimame umpe mlinzi wa pale chakula, na adhuhuri haikufika kabla sufuria haijawa tupu. Mama alinuna, lakini tunajua alikuwa anajivunia mumewe.

Na hukukaa. Salum alikubembeleza: "Mzee Laban, kaa kitako bwana. Leo wewe abiria." Ukamwambia utakaa ukifika nyumbani.

Alasiri ulivua viatu uichovye miguu majini. Ilikuwa imevimba, wa kushoto zaidi, ngozi imevutika hadi inang'aa.

"Baba Phoebe, hii miguu ni ya nani?" Mama aliuliza.

"Ni ya kazi. Itapungua nikifika nyumbani."

Salum alitaka kugeuza boti akupeleke hospitali saa ile ile. Ulikataa. Lilibaki daraja moja, lile ulilopangiwa ulipokuwa mgeni Doha, na hukutaka kuondoka bila kulipita. Tulikuacha umalize kwa sababu hatukuwa tumekuona na furaha kiasi kile. Ulilipita umesimama, umeinama kidogo, mkono umegusa zege. Tulipofika gatini hukuweza kupanda ngazi.

Daktari alituambia damu ilikuwa imeganda mguuni na sasa imepanda mapafuni. Wiki haikuisha. Tulikuwa tumekata tiketi tatu za kukaa pamoja, Baba. Wewe ulisafiri chini, kwenye mizigo, na kiti kati yetu kikabaki wazi hadi Nairobi.

Nyumba imekwisha. Ni nzuri, na inatuuma kuiangalia. Juzi kina mama wa kanisani walimwambia Mama ashukuru, maana ndoa yake ilidumu miaka mingi. Aliendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Nimeishi na mume wangu siku moja. Hiyo miaka mingine nilikuwa nangoja."

Unakumbukwa na mkeo Miriam, wanao Phoebe na Job, dada yako Winfred, na Salum, ambaye bado hutupigia simu. Hatujazoea, Baba, wala hatutakusahau kamwe.