Mita 340 za Mfereji Wangu

Jumanne, 12 Novemba 2013. Saint-Gilles.

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ambayo huioni dirishani lakini unafika kazini umelowa. Jana ilikuwa sikukuu, kwa hiyo wiki ya kazi imeanza leo, na imeanza na mimi.

Nimekula, nimeosha vyombo, sina hasira tena. Nilikuwa nayo mpaka mchana. Naandika kabla haijapata wazo la kurudi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mchoraji wa barabara katika ofisi ndogo ya wahandisi karibu na stesheni ya treni, Gare du Midi. Lubumbashi nilisoma uhandisi miaka mitano. Hapa Ubelgiji vyeti vyangu vilipimwa, vikaonekana ni sawa na sekondari. Bon. Nikaanza upya na masomo ya jioni, nikajifunza programu ya kusanifu barabara kwa kompyuta ya mtumba, na mwaka 2010 ofisi ikanichukua. Kwenye kona ya kila mchoro kuna jedwali dogo: aliyesanifu, aliyechora, aliyehakiki. Herufi za jina langu zinakaa kwenye "aliyechora". Nimezihesabu. Michoro 412.

Ndani ya programu ile, barabara hujengwa kwa vipande. Kipande cha lami, cha bega la barabara, cha mfereji, kila kimoja kimeshikana na mwenzake, na programu inavikokota vyote kufuata mstari wa katikati. Kipande cha mfereji kilichokuja na programu kilikuwa na upumbavu mmoja: kina chake kilipimwa kutoka ukingo wa lami, kile kile kila mahali. Barabara ikipanda, mfereji nao unapanda. Maji hayakuulizwa. Donc nikatunga changu, Jumamosi kumi na moja mfululizo. Sakafu yake inafuata mstari wake yenyewe mpaka kwenye kalvati, haijali lami inafanya nini. Nilikiita MFEREJI, na sasa Wabelgiji wanne wanalitamka neno hilo kila siku kama jina la mtaa wa kwao.

Kwenye mikutano, Bertrand, mhandisi ninayemchorea, hukiita "chombo chetu".

Leo saa nne tulikutana na mkandarasi wa barabara moja ya kijijini, nje ya jiji. Mpimaji wake alikuwa akipigilia vigingi, akaona kwamba kwa mita 340, upande wa kushoto, kuta za mfereji zimesimama karibu wima. Kina ni sentimita 80, mdomo mita 1.20. Ulitakiwa uwe mita 3.60. Akauliza, kwa upole kabisa, kama tunataka achimbe mfereji au kaburi. Watu wakacheka.

Bertrand akageuza kichwa upande wangu. "Hicho ni kipande cha Jean," akasema.

Miaka mitatu hakikuwa na mwenyewe. Leo kimempata.

Nikapiga hesabu, ndiyo tabia yangu nikiumia. Kwa kuta sahihi, kila mita moja ya mfereji inatoa udongo mita za ujazo 1.60, kwa kuta zile, 0.64. Tofauti hiyo mara 340 ni mita za ujazo 326. Na upana uliokosekana, mita 2.40, uko ndani ya shamba la mtu tuliyekwisha kumwambia kuwa hatutamgusa. Hapo kifutio hakisaidii. Lazima mtu aende akakae jikoni kwake na kumweleza.

Nilirudi mezani kutafuta ushahidi, na nakiri kwamba niliutafuta kwa furaha. Haikuchukua muda. Programu inakumbuka nani aliingiza nini: Bertrand, Julai, wiki niliyokuwa likizo. Kwenye kisanduku cha mteremko wa ukuta ameandika 8/4.

Hapa Ubelgiji kila mhandisi anaijua 8/4. Nane kwenda pembeni, nne kwenda juu, ukuta mpole ambao hata ng'ombe anaushuka. Mwalimu wangu Lubumbashi yeye alitanguliza kimo, na kipande changu nilikitunga nilivyozoea: namba ya kwanza ni kimo, ya pili ni upana. Kikasoma 8/4 kama mbili kwenda juu kwa kila moja ya pembeni. Kilifanya nilichokiambia.

Kando ya kisanduku hicho kuna nafasi ya maelezo. Mtunzi anaandika humo kinachotakiwa kuingizwa, na mtumiaji akipitisha kipanya anayasoma. Vipande vyote vya programu vina maelezo hayo. Changu hakina.

Sikusahau.

Niliiacha tupu makusudi. Maana isipokuwa na kitu, lazima waje kwangu. Wanasimama mbele ya meza yangu, "Jean, niweke ngapi?" Nami, bila kuinua macho, "Sifuri nukta tano." Wanaondoka na namba yao. Mara sita, mara saba kwa wiki. Kutoka meza ya Bertrand mpaka yangu ni hatua kumi na mbili, na nilipenda kila moja. Mtu ambaye jedwali halimtambui hutafuta njia nyingine ya kuulizwa.

Mchana nilimpigia mke wangu. Anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Schaerbeek, na saa saba huwa na mapumziko. Nilitaka anionee huruma.

"Donc Bertrand aliandika vile batu bote ba hapa banaandikaka," akasema.

"Ndiyo."

"Na weye ulijua, asipokuuliza atakosea."

"Mama Nadia, miaka mitatu bananiitaka mchoraji..."

"Papa Nadia, sikiya. Siye huku tunaandikaka jina mpaka kwa meno ya bazee. Meno mu glasi, jina juu ya glasi. Juu ya nini tunafanyaka vile? Juu siku moja mi nitakuwa en congé, siko kazi, na muzee atataka kukula."

Nikamkumbusha Alhamisi. Alhamisi hii bosi wetu, Madame Lieve, ndiye ataamua kama natoka kwenye uchoraji na kuwa msanifu, jina kwenye kisanduku cha kwanza cha jedwali. Nimeisubiri miezi kumi na minne. Ushahidi wa Julai ninao mkononi, na nikinyamaza kuhusu ile nafasi tupu ya maelezo, hakuna atakayejua.

"Weye utajua," akasema. "Kula sasa, pause yangu imeisha."

Nikala. Kisha nikafungua kipande changu.

Dakika ishirini na tano. Niliandika maelezo kwa Kifaransa: upana kwanza, kimo baadaye. Nikakifanya kisome kama watu wa hapa wanavyoandika. Ukuta ukiwa mkali kuliko moja juu kwa moja pembeni, mfereji wote unageuka mwekundu. Nikakihifadhi kama toleo la pili bila kugusa la kwanza, kwa sababu miradi ya zamani ina 0.5 ndani yake na ingepinduka yote. Penye jina la mtunzi nikaandika langu, lote.

Halafu nikawaandikia Madame na Bertrand sentensi mbili. Kwamba 8/4 iliingizwa Julai, kisha mchoro haukuhakikiwa. Kwamba kisanduku hakikuwa na maelezo kwa sababu niliamua kisiwe nayo. Neno "niliamua" nililifuta nikaweka "nilisahau". Nikalirudisha. Nikatuma kabla sijalifuta tena.

Madame akajibu: "Asante. Tutaliongea Alhamisi." Nimeisoma mara tano na sijui ina uso gani.

Bertrand alikuja, akasimama palepale wanaposimama wote. "Ungeweza kuniachia kosa mimi peke yangu."

"Ningeweza."

"Kaburi," akasema, akatikisa kichwa. "Kesho saa tatu tunaenda kwa mwenye shamba. Mimi na wewe. Uje na hesabu."

Saa kumi na nusu nilimwona akifungua faili ile na kuweka toleo la pili. Kwenye skrini yake mita 340 zikajengwa upya, kuta zikalala, mdomo 3.60. Hakuinuka kitini. Hakuuliza kitu.

Alhamisi Madame ataniuliza kwa nini nipandishwe. Miaka mitatu nilikuwa na jibu moja, kwamba bila mimi hawawezi, na leo nimelifuta mwenyewe. Nimebakiwa na Jumatano nzima ya kutafuta jibu la kweli. Je, ninalo?