Maua Niliyong'oa Mweiga

Mama Njoki,

Kwanza ujue kazi haijafa. Tulipokuzika, watu wa Kiganjo walikuwa na hakika kwamba nitarudi Bungoma kabla ya mvua. Walisema mimi ni mbeba mawe uliyemwokota kwenye mjengo, na kwamba ploti zilikuwa zinauzwa na jina lako, si na miguu yangu. Jumatatu nilifungua ofisi, nikafagia, nikaketi kwenye kiti changu. Chako bado sijakikalia.

Wateja ni wale wale. Yupo anayekuja Jumapili baada ya kanisa na jamii nzima, wanapiga picha, wanasema ni pazuri sana, halafu simu yangu hawaishiki tena. Yupo aliyenitembeza ploti nne kwenye matope, mwishowe akaniambia alikuwa anapitisha wakati akingoja gari lake litengenezwe. Na mlima, Mama! Juzi bwana mmoja wa Nairobi alifika saa saba mchana, akatazama mawingu, akaniuliza, "Si uliniambia mlima unaonekana? Sasa uko wapi?" Nikamwambia mlima wetu hupokea wageni asubuhi tu. Hakucheka. Wewe ungecheka hadi ushike mbavu.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya Mweiga. Niliharibu kazi huko, na nataka usikie kutoka kwangu.

Unamkumbuka Mama Wangeci, yule mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, aliyetaka tumtafutie mnunuzi wa kipande cha chini cha shamba lake kule Mweiga? Baada ya mazishi alinipigia simu. "Wafula, mimi nilikuwa naamini yeye. Wewe nitakujaribu na hii moja." Hiyo moja, Mama. Ingeharibika, ningekuwa nimewapa haki wote walionicheka, na ningerudi kwa mchanga na simiti.

Nikapata mteja, mwalimu mmoja mwanamke, mtu wa Machakos. Akasema atakuja Jumamosi kuona. Ulinifundisha kwamba ploti inyolewe kabla mgeni hajaiona, kama mtoto anayeanza shule. Basi Ijumaa nikaenda na panga na jembe, nikafyeka mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kwenye ukingo wa chini kulikuwa na mstari wa mimea yenye majani marefu, na chini ya kila mmoja kama kitunguu kikubwa ndani ya ardhi. Maua yake meupe yalikuwa yamekauka. Nikaona ni magugu. Niling'oa yote, nikayatupa kando ya shimo la mbolea.

Asubuhi nilimkuta Mzee Gathogo, jirani, amesimama hapo na fimbo. Hata salamu hakunipa. "Wewe ndio umetoa itoka, haya maua? Baba yangu na baba ya bwana ya Mama Wangeci walipanda hii na mikono yao. Huko kwenu mnatenganisha shamba na nini, na upepo?"

Mama Wangeci akaja mbio na viatu vyake vya gambuti, akashika kichwa. "Ati Wafula umetoa mpaka? Watu watasema mimi ndio nilikutuma!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Jiwe la mpima ardhi lilipotea zamani. Maua yale ndiyo yaliyokuwa mpaka, na huku anayeyang'oa analetea nyumba yake laana. Miaka yote ulitembea mbele yangu kwenye mashamba ya watu ukiyaruka maua kama hayo, huyakanyagi hata ukiwa na haraka, nami nyuma nimeshika mwisho wa tepu ya kupimia. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Nilidhani unapenda maua.

Broka mmoja, dalali mwenzangu, aliyekuja kunusa akaninong'oneza niyapande hatua mbili ndani kwa mzee, ploti ipanuke. Sitakudanganya. Nililifikiria hilo, kwa muda wa kupiga chafya.

Mwalimu naye alikuwa ameshafika, yuko barabarani anasikia kila kitu. Nikamwita mbele ya wote. "Mwalimu, mimi ndiye nimeng'oa. Huyu mama hakujua lolote. Leo hakuna ploti ya kuona mpaka haya maua yarudi."

"Yatarudi wapi," mzee akasema, "na umechimba kama nguruwe?"

Mama, hilo hukunifundisha wewe. Lilitoka kwenye mjengo. Miaka kumi na mmoja nimechimba misingi, na najua udongo uliokaliwa na mzizi haufanani na ule ambao jembe limepita juu juu. Nikaokota kipande cha nondo, nikaanza kudunga. Palipokuwa na mzizi, chuma kilizama. Pembeni kiligonga pagumu. Kila shimo nilimpa mzee adunge mwenyewe. La kwanza alidunga kwa hasira. La tano aliinama. La tisa akasema polepole, "Hapa ilikuwa ile kubwa," akaenda kuitafuta kwa mikono yake kando ya shimo la mbolea.

Walipanda wao wawili, mzee upande wake, Mama Wangeci upande wake. Mimi nilichota maji. Walipomaliza, mzee alimwambia jirani yake, "Huyu hajui mila, lakini si mwizi."

Mwalimu alikuja na viatu vimejaa matope. "Kuhusu maji na stima niko na maswali mengi," akasema. "Mpaka, sina swali."

Tunangoja siku ya bodi ya ardhi kuidhinisha mauzo. Lolote linaweza kutokea, unavyojua bodi. Lakini jana yule broka wa kunong'ona alimpigia Mama Wangeci akijipendekeza amsaidie, nami nilikuwa pale nimeshika kikombe cha chai. Alimjibu maneno manne tu: "Niko na broka wangu." Akakata simu, akaniongezea chai.

Kwaheri, Mama. Udongo wa Kiganjo usikulemee. Nakuahidi kwamba sitaingia tena katika shamba la mtu na jembe kabla sijalitembea na mwenyewe na jirani yake, nikiuliza kila kilichosimama kilipandwa na nani.

Wafula wako