Kichupa mkononi mwa Mama

Muleba, Jumamosi

Na bado kaka Deo ananiudhi. Tulipomaliza kula nilitoa kichupa changu cha maabara ili waone kazi yangu, naye akacheka: "Yaani umesoma miaka yote hiyo ili ugeuze maji kuwa maziwa?"

Nikaeleza tena. Ndani ya maji hayo mna nyuzi za polima, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Zikipata joto la kiganja hujikunja na maji huwa meupe. Zikipoa hujinyoosha, maji yakang'aa. Siku moja huenda zikabeba dawa na kuiachia penye homa tu. Deo akakishika huku akitafuna punje zake za kahawa. Kikawa cheupe mkononi mwake, akakigeuzageuza.

Kikapoa, nikampa Mama. Akakifumbata kwa mikono miwili kama anayeshika kifaranga. Tukangoja, tukangoja. Maji hayakubadilika.

"Hakijanizoea, mwanangu waitu," akasema, akanirudishia.

Deo akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikasingizia baridi ya mvua. Lakini Mama alikuwa ameshinda jikoni, karibu na moto, na vidole vyake viliponigusa vilikuwa baridi kama...

Sitaki kuandika kama nini.

Jumatatu nampeleka hospitali Bukoba, atake asitake. Atasema ni uzee tu.

Nimekijaribu tena kiganjani mwangu. Kimegeuka papo hapo. Mwaka mzima nimemwomba Mungu kichupa hiki kifanye kazi, na sasa nimekaa kitandani nakitikisa, natamani kiwe kibovu.